Nahau za Kiingereza zilinitoa nishai mbele ya bosi

Juzi msomaji kanitumia meseji, "kaka naomba PDF ya nahau mia tano za Kiingereza, nina intavyuu." Sina. Na hata ningekuwa nayo nisingekupa mdogo wangu, ngoja nikwambie kwanini.

Mimi ndo nilikuwa bingwa wa hizo listi. Nilikariri "piece of cake" ni kitu rahisi, "under the weather" ni kutojisikia vizuri, "once in a blue moon" ni kwa nadra sana, nikawa nazichomeka kila mahali mpaka kwenye barua ya kuomba kazi. "Raining cats and dogs", yaani mvua kubwa, ndo niliipenda kuliko zote, ipo hadi kwenye maandishi ya Jonathan Swift ya mwaka 1738, ila tangu nianze kufanya kazi na Waingereza na Wamarekani sijasikia hata mmoja akiitamka, mvua ikimwagika wanasema "it's pouring" basi, maisha yanaendelea.

Sasa siku yenyewe. Kikao cha kwenye intaneti, kampuni siitaji, zamu yangu kueleza pendekezo ambalo nimelikeshea wiki mbili nzima. Nipo slaidi ya pili bosi, Mmarekani, akasema "let's table this." Mimi na Kiingereza changu cha vitabu vya Uingereza nikajua limewekwa mezani, yaani tulijadili sasa hivi! Nikapandisha sauti, nikafungua slaidi moja baada ya nyingine, nikatiririka kama dakika sita. Kimya. Mmoja kazima kamera, mwingine nikamsikia kabisa anacheka, kasahau kuzima maiki. Ndo mwenzangu akaniandikia pembeni: "amesema tuliweke kando." Masikio yaliwaka moto.

Kumbe Mwingereza aki"table" jambo analileta lijadiliwe, Mmarekani aki"table" jambo analiahirisha. Neno lile lile! Na wala sio mimi wa kwanza, Churchill mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza enzi hizo, aliandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili wakuu wa Uingereza na Marekani walibishana muda mrefu kikaoni kwa sababu ya neno hilohilo, na kumbe wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Kuyasoma hayo kulinipoza kidogo. Aliyecheka lakini sijamsahau.

Maana peke yake haitoshi jamani. Chukua mgeni anayejifunza Kiswahili, kakariri kwamba kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi, halafu siku anatambulishwa kwa mama mkwe anamwambia "shikamoo mama, naona umekula chumvi nyingi." Maana kaipatia kabisa, mahali ndo kapakosea, na chakula cha siku hiyo hakitashuka.

Kwahiyo acheni uvivu wa kukariri listi. Ukisikia nahau tazama kaisema nani, kamwambia nani, na baada ya hapo watu wamefanya nini. Mimi siku hizi siitumii mpaka niisikie kwa watu watatu tofauti. Na usipoelewa uliza palepale, "sorry, do you mean now or later?", maneno saba tu, yangeniokoa dakika sita za aibu.

Haya, wewe wa PDF, hiyo intavyuu ni na Waingereza au Wamarekani? Nijibu hilo kwanza.