Sufuria ya kunukia: mlichouliza

Wiki mbili zilizopita nilidokeza hapa kwamba Oktoba ikiingia mimi hubandika jikoni sufuria ambayo haina chakula: maji, maganda ya machungwa, mdalasini na karafuu, basi. Maswali yamemiminika, mengi kutoka kwa walio ughaibuni, ambako majani yanapukutika na madirisha yameshafungwa.

Shikamoo Bi. Nimehamia Minneapolis mwaka huu. Nyumba ya jirani inanukia keki kila jioni, kumbe hakuna keki, ni sufuria tu. Anatia nini?

Marahaba. Anatia vitu ambavyo nawe unavyo kwenye kopo la viungo vya chai. Mmarekani akisema harufu ya msimu huu, anawaza pai ya maboga: mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Anaongeza tufaha kwa kuwa ndio wakati wake wa kuchumwa. Jimbo ulilopo ndilo lililozaa tufaha la Honeycrisp, lililotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, lakini tafadhali usilichemshe hilo. Lile ule. Sufuriani tia lililobonyea, au maganda na makokwa yaliyobaki baada ya watoto kula.

Kipimo changu ni maji lita moja na nusu, tufaha moja, maganda ya chungwa moja, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu kijiko kimoja cha chai, na vipande vitatu vya tangawizi. Yakishachemka, punguza moto hadi uone viputo vinaibuka kimoja kimoja. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaacha maji yatokote kwa nguvu, nyumba inanukia robo saa, kisha kimya. Mafuta ya ganda la chungwa hupaa upesi, ya karafuu hukawia. Kwa hiyo mimi hutia nusu ya maganda mwanzoni na nusu nyingine baada ya saa moja, na kila nusu saa naongeza maji ya moto.

Iliki? Ni shauri lako. Mimi siitii, maana nyumba hunukia chai ya maziwa na wageni hukaa wakingojea vikombe.

Niko London, ghorofani. Nikifukiza udi, kengele ya moshi inalia na majirani wanatoka nje. Sufuria hii nayo itaniaibisha?

Udi huungua ukatoa moshi, sufuria hutoa mvuke, na tofauti ni kubwa. Ila mvuke mzito ukipanda moja kwa moja kwenye kengele unaweza kuiliza, kwa hiyo tumia jiko la mbali nayo. Betri usiitoe. Na kwa kuwa umetaja udi: chetezo chenye mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa kwa baridi ni hatari. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, na huo udi hautaifunika.

Kuna jambo moja zaidi kwa walio Uingereza. Kama kuta zako zina ukungu mweusi na vioo vinatoka jasho kila asubuhi, mvuke utazidisha. Fungua dirisha kidogo, au ridhika na nusu saa. Huko Minneapolis hewa ya ndani hukauka baridi ikishika, kwa hiyo wao mvuke ni neema.

Mdalasini wa dukani hapa Toronto ni mgumu kama kuni. Alionipa bibi ni mwembamba, unavunjika kwa vidole. Nitumie upi?

Huo mgumu, wenye gome nene lililojikunja mara moja, ni kasia. Wa bibi, wenye tabaka nyingi nyembamba kama karatasi, ni ule ambao asili yake ni Sri Lanka. Kwa sufuria hii tumia kasia: harufu yake ni kali, bei yake ni nafuu, na kijiti kimoja huvumilia siku mbili tatu. Wa bibi uweke kwa ajili ya pilau. Kuuchemsha ili unukishe korido ni kumkosea adabu.

Mimi nipo Chake Chake. Huku hakuna baridi wala majani kupukutika. Haya yanatuhusu nini?

Yanawahusu kuliko mnavyodhani, maana karafuu inayonukisha nyumba zao huenda ilianikwa kwenye jamvi lako. Hata jina la msimu tunagawana: wapo wanaouita msimu wao wa majani kupukutika “vuli”, na miezi inakaribiana kweli, ila vuli yetu ni mvua na yao ni miti kubaki mitupu.

Wewe usipoteze karafuu nzuri, tumia makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa. Kama yanatoa mafuta pale kiwandani Wawi, yatashindwaje na sebule yako? Tia kiganja kimoja na mchaichai, ubandike juu ya makaa yanayofifia baada ya kupika. Hutumii mkaa mpya hata kipande. Ila madirisha yawe wazi, jiko ni la mkaa hilo.

Mume wangu alidhani ni chai, kanywa kikombe kizima.

Kama vilikuwa viungo vya jikoni tu na ni ya siku hiyohiyo, mpe pole umcheke. Lakini usimzoeshe. Maganda ya dukani huwa na nta na mabaki ya dawa za shambani, na kasia ina kumarini, ambayo ikizidi si nzuri kwa ini. Na kama mlitia mafuta ya kunukia ya chupa, piga simu hospitali sasa hivi, usingoje jibu langu.

Nina paka. Kuna ubaya?

Viungo vizima ndani ya maji, na dirisha wazi, sijali sana. Tatizo ni yale mafuta makali ya chupa, hasa ya karafuu na ya machungwa: ini la paka haliwezi kuyavunja kama letu. Mwenye kasuku naye asitumie sufuria ya tefloni. Maji yakikauka ikapata moto kupita kiasi, moshi wake huua ndege.

Maji yalikauka, sufuria imeungua chini, nyeusi tii. Naiokoaje?

Karibu chamani. Mimi niliitika simu ya dada yangu, na unajua simu za dada. Nyumba ilinuka karafuu za kuungua siku tatu. Tangu hapo nikitoka jikoni nazima moto kwanza.

Kama ni ya chuma kisichoshika kutu, chemsha maji na vijiko viwili vya magadi ya kuokea, ilaze usiku kucha, asubuhi ukwangue kwa kijiko cha mbao. Kama ni ya alumini, magadi yataizidishia weusi. Hiyo ichemshie siki, au maganda ya limau.