Kulia mbele ya wazee si kipimo

Dada, umeuliza kama shemeji yako atampiga tena mdogo wako, maana amelia na kuomba radhi mbele ya wazee. Machozi hayapimi chochote. Kaa na mdogo wako, wawili tu, umuulize: amewahi kumkaba koo? Hilo usilipite haraka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulikuta kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo kwenye hatari ya kuuawa naye mara 7 zaidi. Mara nyingi shingoni haibaki alama, ndiyo maana ndugu hulichukulia jambo dogo.

Kisha: vipigo vimezidi mwaka huu? Ametishia kuua, au kujiua? Ana silaha? Anamfuatilia kila aendako? Maswali haya yamo kwenye orodha ya maswali 20 ya kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake, iliyoandaliwa na Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti.

Akiamua kuondoka, asimtangazie mume, kwa sababu siku za kuachana ndizo mbaya zaidi. Atangulie kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Na kama alikabwa juzi, afike hospitali leo, hata akisema haumwi.