Ndugu wakifiwa pale dharura

Pole na kazi, mdogo wangu. Umeuliza uwaambie nini ndugu mgonjwa wao akifia kitengo cha dharura. Kwanza, si koridoni machela zikipita. Watafutie viti, keti nao, sema wazi: "Amefariki." Ukisema "hali ilibadilika" watakuuliza kahamishiwa wodi gani. Kisha nyamaza, waache walie.

Wakitaka kumwona, mfute damu, mfunike shuka safi, uingie nao. Kama kuna ndugu yuko kwenye kivuko kutoka Ukerewe (Mwanza hapa mara nyingi yupo), usiharakishe kuupeleka mwili mochwari.

Makaratasi baadaye: kibali cha mazishi mpe aliyetulia, umweleze kifo kisajiliwe RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) ndani ya siku 30. Suala la bili mwachie afisa ustawi wa jamii, usimtwishe mjane.