Mahindi hayachimbwi: daftari langu la istilahi za Kicheki na Kiingereza

Baba mdogo alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaniuliza, “Mwanangu, huko Ulaya mahindi wanayachimba?”

Nilikuwa nimemletea muhtasari wa kazi yangu ya shahada ya uzamili, kurasa sita za Kiswahili, nikitarajia pongezi. Kazi yenyewe inahusu mtiririko wa malighafi katika uchumi: nchi inatoa nini ardhini kwake, inaingiza nini, inapeleka nini nje, na kinachobaki kinakwenda wapi. Nilisoma Ucheki, darasani kwa Kicheki, vitabu vingi vikiwa vya Kiingereza. Kwa Kicheki mstari wa kwanza wa hesabu hizo unaitwa “domácí užitá těžba”, na kamusi yangu ndogo ya mfukoni ilitosheka kusema “těžba” ni uchimbaji. Basi nikaandika “uchimbaji”, chini yake nikapanga jedwali: makaa ya mawe, kokoto, magogo, ngano, mahindi. Baba mdogo amelima Sengerema karibu maisha yake yote, na katikati aliingia kwenye maduara ya dhahabu ya Geita kwa miaka minne. Anajua kinachochimbwa na kisichochimbwa.

Nasimulia haya kwa sababu kila mwaka, ikifika Julai hivi, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana waliopata nafasi ya kwenda kusoma mambo ya mazingira kule. Karibu wote wanaomba kitu kimoja: “Kaka, nitumie ile orodha ya maneno.” Orodha ninayo, ndefu tu. Huwa siitumi. Nawaambia wanunue kaunta buku, wachore safu nne: Kicheki, Kiingereza, Kiswahili, na katikati yake safu pana kuliko zote, ambayo mimi niliipa jina la “mizani”. Humo unaandika ni kitu gani kinapimwa, kinapimiwa wapi, na nani kashika mizani. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na safu hiyo. Nilikuwa na jozi za maneno tu, na hizo jozi ndizo zilizonifanya nichimbe mahindi.

Chukua hilohilo “těžba”. Mtu wa Ostrava akilisikia anawaza makaa ya mawe. Mtu wa milima ya Šumava anawaza msumeno, kwa sababu kukata miti nako ni “těžba dřeva”. Mabwana misitu wana hata “nahodilá těžba”, yaani ukataji usioupanga wewe: upepo umeangusha miti, au mdudu anayeitwa “kůrovec” ameingia chini ya magome, inabidi uvune upesi kabla mbao hazijaharibika na wadudu hawajahamia miti ya jirani. Mdudu huyo aliitesa misitu ya Ucheki vibaya sana mwishoni mwa miaka ya 2010, kwa hiyo maneno hayo nilikuwa nayasikia hata redioni. Kwa muda mrefu nilidhani ni taarifa za ajali migodini.

Kiingereza kinasema “extraction”, neno ambalo kwa daktari wa meno ni kung'oa. Kwenye hesabu zetu yote mawili yanasema jambo moja: kitu kilikuwa mali ya asili, mkono wa mtu ukakitoa, kikaingia katika uchumi. Nilipoliandika hilo kwenye safu ya mizani, Kiswahili kilikuja chenyewe. Tunavuna mahindi, tunavuna magogo, tunavuna maji ya mvua, na mtu akisema nchi inavuna madini yake hakuna anayegeuza shingo. “Uvunaji wa ndani” ndilo lililopo kwenye daftari leo. Kusema kweli naona linabeba vizuri kuliko la Kicheki, maana hata Wacheki huguna kidogo wakisikia viazi vina “těžba”.

Na ukishazoea kuuliza habari za mizani, mengine yanajitokeza ambayo hakuna kamusi itakayokuambia. Katika hesabu hizi ng'ombe havunwi. Kinachovunwa ni nyasi alizokula malishoni, zikikadiriwa kwa uzito wa majani yenye unyevu wa asilimia 15. Ng'ombe mwenyewe tayari yumo ndani ya uchumi, kama ghala lenye miguu. Samaki aliyenaswa ziwani anahesabiwa. Wa bwawa la kufugia hahesabiwi, ila chakula alicholishwa kimeshahesabiwa mahali pengine. Maji hayamo kabisa kwenye jedwali kuu, kwa kuwa yangeingizwa yangezamisha kila kitu kingine kwa wingi wake. Nilipomweleza baba mdogo la ng'ombe, alinyamaza kidogo, kisha akasema Msukuma yeyote angewakatalia.

Kosa langu la pili lilikuwa kwenye “domácí”. Neno hili limetoka kwenye “dům”, nyumba, na Wacheki wanalitumia kwa mkate uliookwa nyumbani na kwa mambo ya ndani ya nchi vilevile. Kiingereza nacho kina “domestic”, mtego uleule. Mimi “domácí materiálová spotřeba” nikaifanya “matumizi ya malighafi nyumbani”, na msomaji wangu akawaza sabuni, sukari na mkaa. Kumbe kipimo hiki hakimjui mama wala jiko lake. Ni hesabu ya forodhani: uliyovuna, ongeza uliyoingiza, toa uliyopeleka nje. Tuseme nchi imevuna tani 100, imeingiza 30, imepeleka nje 20. Matumizi yake ya ndani ni tani 110, hata kama 60 kati ya hizo ni kokoto zilizolala chini ya barabara na hakuna aliyezionja. Kuna neno jingine, “domácnost”, ambalo ndilo kaya. Ukiwa na haraka utayachanganya. Mimi niliyachanganya mbele ya jopo la maprofesa watatu.

Lakini neno lililonifundisha adabu ni “odpad”.

Nilikuwa nimetoka Poděbrady, mji mdogo kando ya mto Labe, nilikomaliza mwaka wa kujifunza lugha, na nilikuwa najiona fundi. Wiki ya pili bwenini Praha nikakuta karatasi imebandikwa jikoni: “Ucpaný odpad”. Nikaitafsiri palepale. “Odpad” ni taka, “ucpaný” ni iliyoziba. Basi mapipa yamejaa hadi kuziba. Nikabeba mifuko mitatu ya takataka za ghorofa nzima, nikashuka nayo ngazi hadi uani, nikajisifu kwa uungwana wangu. Kabla ya kushuka nilikuwa nimefungua bomba niloweke sufuria. Niliporudi, maji yalikuwa yameshavuka kizingiti cha jiko yanaelekea chumbani kwa Mvietinamu mmoja mpole ambaye tangu siku hiyo hakunisalimia. “Odpad”, kwa mtu wa kawaida, ni pia lile bomba linalopeleka maji machafu chini ya sinki. Shina lake ni kuanguka: kilichodondoka pembeni, kilichokwenda chini.

Sheria inalisema tofauti tena, na hapa nataka ukae kidogo. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu taka, namba 2008/98, yanasema taka ni kitu chochote ambacho mwenye nacho anakitupa, anakusudia kukitupa, au anatakiwa akitupe. Kiingereza kinatumia “discard”. Kicheki kinatumia “zbavovat se”, kujiondolea, kama mtu anayejivua mzigo. Angalia kwamba hakuna mahali walipotaja uchafu, harufu wala kuoza. Utaka haumo kwenye kitu, umo kwenye nia au wajibu wa aliyekishika. Chupa ya plastiki ni taka mkononi mwa abiria anayeirusha dirishani, na dakika mbili baadaye ni mali kwenye gunia la mwokota makopo wa Dar es Salaam, maana huyo hana nia ya kuitupa, anaipeleka kwenye mizani akalipwe kwa kilo, ingawa sheria hiyo ingeendelea kuiita taka hadi ichakatwe. Wacheki wana neno zuri kwa hatua hiyo: “druhotná surovina”, malighafi ya mara ya pili. “Surovina” imetoka kwenye “surový”, kibichi, kama nyama mbichi. Sisi tunayo “malighafi”, na ghafi ni hiyohiyo ya mafuta ghafi. Hapo huhitaji kuunda chochote, lugha mbili zimekutana bila kupeana miadi.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu sheria ni mfupi. Usisome tafsiri za watu. Fungua EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, weka Kiingereza na Kicheki ubavu kwa ubavu, soma ibara ya ufafanuzi tu. Ucheki iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na sheria hizi zote zina nakala rasmi ya Kicheki. GEMET na IATE, hazina za istilahi za Ulaya mtandaoni, nazo zitakusaidia pale unapokwama na neno moja. Ila ujue unachokipata huko ni Kicheki cha Brussels, kisafi, kilichonyooshwa pasi. “Oběhové hospodářství” ni mfano: uchumi wa mzunguko, na “oběh” ni neno la mzunguko wa damu pia. Kwenye baadhi ya maandishi yetu nimekuta “uchumi wa duara”. Nilimsomea baba mdogo. Duara, kwa mchimbaji mdogo, ni shimo refu la kushukia kutafuta dhahabu. Akasema uchumi huo anaujua, alitoka nao mgongo unauma.

Kicheki cha pili, cha watu wenye vumbi, utakipata ukienda kaskazini kwenye migodi ya wazi ya makaa ya kahawia. Mimi nilikwenda Most. Mji wa zamani ulibomolewa ili makaa yaliyokuwa chini yake yachimbwe. Kanisa la kale wakaliokoa, na mwaka 1975 wakalisogeza zima, juu ya reli, mita 841. Leo mahali palipokuwa na mji pana ziwa. Pale ndipo nilipoelewa “skrývka”. Ni udongo na mawe yanayofunika makaa, ambayo lazima uyaondoe kwanza, na kwa uzito yanayashinda makaa yenyewe mara kadhaa. Kiingereza kinasema “overburden”, mzigo wa juu. Shina la Kicheki ni kuficha. Na kwenye vitabu vya hesabu kuna “skryté toky”, mitiririko iliyofichika, shina lilelile, nami nikadhani ni kitu kimoja. La hasha. “Skrývka” imefichwa machoni pa mchimbaji? Hapana, yeye anaiona kutwa, inayaficha makaa. “Skryté toky” ndizo zilizofichika machoni pa mtu wa takwimu, kwa kuwa haziuzwi, hazina bei, haziingii kwenye vitabu vya biashara. Ya kwanza ni sehemu ya za pili. Safu ya mizani ya maneno hayo mawili imejaa kurasa mbili kwenye daftari langu, na sijutii wino.

Halafu kuna “hlušina”. Ni jiwe lililotoka mgodini lisilo na kitu ndani. Limetokana na “hluchý”, kiziwi. Jiwe kiziwi! Unaligonga, haliitiki. Ostrava wameyarundika hadi yakawa vilima. Kimoja wanakiita Ema, na ndani yake bado kunaungua hadi leo, makaa yaliyobaki yanajichoma yenyewe polepole. Kwa Kiingereza ni “waste rock” tu, mwamba taka. Nilikuwa nimeandika “mawe taka” kwenye ule muhtasari, na baba mdogo akakata kwa penseli, akaandika juu yake: magwangala. Niliona aibu. Nchi nzima ililijua neno hilo, lilikuwa kwenye magazeti, watu wa Geita wamelitumia miaka yote kwa mawe ambayo mgodi mkubwa umeona hayalipi, na ambayo wao huyachambua, huyapeleka karasha, mashine ya kusaga mawe, na kupata chembe zao. Palepale akanipa na “marudio”, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, unaorudiwa tena kwa dawa. Neno ambalo nilikuwa nimelitafuta wiki nzima mtandaoni, liko kwa mtu aliyenilea.

Msinielewe vibaya, siamini kwamba kila neno linapatikana kwa wazee. Wacheki wenyewe katika karne ya 19 walikaa chini wakaunda. Jan Svatopluk Presl na wenzake waliipa kemia majina ya nyumbani: haidrojeni ni “vodík”, kutoka kwenye maji, oksijeni ni “kyslík”, kutoka kwenye uchachu. Mmea ni “rostlina”, kinachoota. Madini ni “nerost”, kisichoota. Mtoto wa darasa la tatu anaona tofauti bila kufundishwa. Lakini hata wao wamekubali “biomasa” na “emise” bila kinyongo. Sioni sababu ya sisi kujitesa na “biomasi”, liingie tu.

Basi kama unaondoka Septemba, nunua daftari kabla ya koti. Koti la kufaa baridi utalipata kulekule kwa bei nzuri zaidi, mitumba wanayo. Ukifika, usiandike neno lolote siku ulipolisikia. Liandike siku ulipojua mizani yake, hata kama ni mwezi wa tatu. Na kabla hujamkabidhi msimamizi wako chochote chenye safu ya Kiswahili, mpelekee kwanza mtu aliyewahi kushika kitu chenyewe: fundi ujenzi, mchoma mkaa, mnunua chuma chakavu. Mpigie, msomee kwa sauti. Akicheka, futa.

Toleo la pili la muhtasari wangu lilirudi kutoka Sengerema mwezi uliopita likiwa na alama moja tu ya penseli. Ni kwenye “stock”, ile nondo, saruji na matofali yaliyokwisha kuingia kwenye majengo na barabara na hayajatoka. Wacheki wanasema “zásoba”, ambalo ni akiba ya chakula cha kabatini. Mimi niliandika “malimbikizo”. Pembeni baba mdogo ameandika: “Ya mshahara?” Bado sijampata wa kumpigia.