Mbwa anahema mchana kutwa bandani

Pole sana ndugu. Umesema mbwa wako wa manyoya mengi anahema mchana kutwa na chakula hagusi, tangu joto la Januari lishike hapo Dar. Mimi ningeanza na banda. Bati likipigwa na jua la saa saba, ndani panakuwa tanuri. Wangu nilimkuta amechimba shimo chini ya mwembe, tumbo kalilaza kwenye udongo mbichi. Tangu siku hiyo mchana simfungii tena. Mpe kivuli chenye upepo na maji kwenye beseni zito asiloweza kulipindua. Matembezi yawe alfajiri. Lami ikikuunguza mgongo wa kiganja, na yeye itamuunguza nyayo. Usimnyoe kipara, manyoya yanamkinga na jua.

La kuogopa ni ute mzito, fizi nyekundu sana, kuyumba, kutapika. Joto la mwili likipita nyuzi 40, ni hatari. Mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimwache amefunikwa taulo lililolowa, linazuia joto kutoka.

Na huko kutokula kukifika siku ya pili, apimwe damu. Huenda ni homa ya kupe.