Maswali ya walimu: kelele, jeuri na orodha ya monita

Nasomesha darasa la tano, watoto 83, mkondo wa mchana. Nikiingia ni kelele tupu, dakika 10 zinakwenda kwa "nyamazeni, nyamazeni". Nifanyeje? (Mwalimu, Micheweni, Pemba)

Kwanza acha hilo "nyamazeni". Ukilisema mara 20 kwa siku linakuwa kama mlio wa kunguru wa paani: wanausikia, hawausikilizi. Kesho wahi wewe, simama mlangoni kabla hawajaingia. Salimiana nao, waite kwa majina wale unaowajua, na kila siku jifunze majina matano mapya. Ubaoni wakute kazi tayari, hesabu tatu za jana ambazo kila mmoja anaziweza. Mtoto wa saa saba mchana asubuhi alikuwa chuoni akisoma Kurani, katembea juani, pengine hajala. Ukimwacha akae bure atatafuta la kufanya, na atalipata.

Mkishaanza, usigande mbele. Pita kati ya madawati. Wawili wakinong'ona, kasimame karibu yao huku unaendelea kusomesha, gusa daftari kwa kidole, pita. Hujamtaja mtu, hujamfedhehesha mtu, na somo halijakatika.

Na hili hukuniuliza, lakini nakwambia: kama una monita anayeandika orodha ya wapiga kelele, ichane leo. Nimeziona nyingi. Anayegombana na monita yumo kila siku, rafiki yake hayumo hata siku moja, na aliyempa kitumbua wakati wa mapumziko jina lake linafutwa. Unamfundisha mtoto mmoja rushwa na 82 chuki. Monita na agawe madaftari, basi.

Maalim, sisi tulichapwa bakora na tumekuwa watu. Kwa nini hawa tusiwachape? (Mwalimu, Mkoani)

Swali hili naletewa kila mara na kila mara nalijibu. Wako pia waliochapwa wakaikimbia skuli. Hao hawaniandikii, wako dago, kwenye kambi za wavuvi, wako bandarini wanabeba magunia. Bakora inanyamazisha darasa mpaka pale unapogeuka kuandika ubaoni. Na tangu 2011 Zanzibar ina Sheria ya Mtoto, Namba 6. Isome kwanza, halafu ndipo uniulize tena.

Mtoto wa darasa la pili hatulii, anazunguka tu. Nimpe adhabu gani?

Mpe kazi ya miguu: agawe chaki, afute ubao, apeleke rejista ofisini. Ana miaka saba huyo.

Nimemkamata mwanafunzi na simu. Niivunje mbele ya wenzake wapate funzo?

Usivunje mali ya mtu. Mkabidhi mwalimu mkuu, mzazi aje aichukue.

Kijana wa darasa la sita nikimwita ubaoni anakataa mbele ya wenzake, ananikodolea macho. Nikimwacha si nimeshindwa? (Mwalimu, Wete)

Hujashindwa, na hiyo si vita. Mimi yalinikuta. Kijana mrefu, anakaa dawati la mwisho, vidole vinanuka karafuu. Nilimwita mara ya kwanza akainama. Mara ya pili akasema, "Sitaki." Darasa zima likaguna. Nikamtoa nje, akasimama juani mpaka kengele ikalia.

Siku ya tatu nilimkuta peke yake chini ya mwembe. Nikakaa naye, nikafungua kitabu, nikamwomba anisomee lile swali la Hisabati, sisi wawili tu. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Kidole hakikusogea. "Maalim, mimi hiki sijui kukisoma." Swali lilikuwa la Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2006 iliamua Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wako watoto waliofika hapo hata Kiswahili wanakisoma kwa kusitasita. Mtoto wa miaka 13 hakubali kuonekana mjinga mbele ya wenzake. Bora aitwe jeuri. Lile jua nililomsimamisha linaniuma mpaka leo.

Basi zungumza naye faragha. Siku ukitaka aende ubaoni, mpe swali jana yake, aje amelijua. Na la kumkemea lisubiri mkiwa peke yenu. Majumbani kwetu stara tunaijua vizuri, mtoto wa mgeni akikosea tunamvuta pembeni. Kwa nini tunaiacha kwenye geti la skuli?

Msimu wa karafuu nusu ya darasa inapotea, wakirudi wamekuwa watundu. Niwaadhibu kwa utoro? (Mwalimu, Mtambile)

Usiwaadhibu. Mtoto aliyekosa wiki tatu anarudi na vijisenti vya mpeta, zile karafuu za kuokota chini, mfukoni, na hajui mmefika wapi. Utundu wake ni wa mtu aliyepotea njia. Mkalishe na mwenzake aliyebaki, anakili daftari lake, na wiki ya kwanza usimuulize swali mbele ya watu. Utoro wenyewe uzungumze na sheha, kiongozi wa mtaa wenu, na kamati ya skuli kabla msimu haujaanza, si wakati mikarafuu imeshajaa watu. Mtoto hajiuzii mwenyewe. Yupo mtu mzima anayepokea mpeta kutoka kwa mtoto aliyevaa sare saa nne asubuhi, na sheha anamjua.