Mombasa kwa wageni wanne wa meli

Umeuliza kama muda wa saa nne unatosha kuwatembeza wageni wanne walioshuka melini. Unatosha, ndugu, mradi uache Haller Park, hifadhi ya wanyama iliyo ng'ambo ya daraja la Nyali. Foleni ikikamata darajani, meli haiwangojei. Kutoka bandari ya Kilindini nenda moja kwa moja Fort Jesus, ngome ya Wareno ya 1593–1596. Ipe muda wa saa moja na nusu, tena mapema, maana juu ya kuta hakuna kivuli. Gari libaki hapo nje. Ingieni Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu, polepole, mtazame milango ya nakshi na roshani za mbao, hadi Msikiti wa Mandhry. Zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue? Dakika tano, mkirudi. Ulizia saa ya mwisho kupanda, si ya kung'oa nanga, na kama saa ya meli inalingana na ya Kenya.